Roboti Maktabani: Kipindi cha Kusoma Kimegeuzwa Kipindi cha Kompyuta?

Mwaka 2023 serikali ya Uswidi ilitenga krona milioni 685 za kununulia shule vitabu, baada ya nchi hiyo kuwa miongoni mwa zilizotangulia kujaza skrini madarasani. Habari hiyo ilisambaa duniani ikiwa imekatwa mkia na masikio: teknolojia imeshindwa, watoto warudi kwenye karatasi. Wakati huohuo shule za msingi katika nchi nyingi zinaendelea kununua vishikwambi, vinasa sauti na roboti ndogo, na mara nyingi vifaa hivyo vinawekwa maktabani badala ya chumba cha kompyuta. Mzazi anayesikia haya mawili kwa siku moja lazima ababaike. Kama waliotangulia wanarudi kwenye kitabu, mwanangu anafanya nini na roboti katika kipindi cha kusoma?

Swali ni la haki, na halijibiwi kwa kuchagua upande. Vipo vipindi vya maktaba ambamo teknolojia imekuja kusaidia kusoma, na vipo ambamo imekuja kukalia kiti cha kitabu. Kwa nje vinafanana kabisa. Watoto wamechangamka, mashine zinawaka, na picha za kubandika ukutani zinapatikana. Ila ukijua pa kutazama, hauhitaji utaalamu wowote kuvitofautisha.

Maneno manne kwanza

Tuanze na kusoma. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walikieleza kitendo hiki kwa namna nyepesi inayotumika mpaka leo: kusoma ni kutambua maneno yaliyoandikwa, mara kuelewa lugha. Walisema mara, hawakusema jumlisha. Mtoto anayetamka kila neno bila kuelewa chochote ana sifuri upande mmoja, na jibu lake ni sifuri. Anayeelewa kila hadithi anayosimuliwa lakini hajui herufi, naye jibu lake ni sifuri. Kwa hiyo mradi wowote unaodai kukuza usomaji sharti uguse angalau kimoja kati ya hivyo viwili. Usipogusa hata kimoja, unaweza kuwa mradi mzuri wa jambo jingine, lakini usiitwe wa kusoma.

Teknolojia ni neno pana kuliko watu wanavyolichukulia. Katika maktaba ya shule ni chombo chochote kinachosaidia kutafuta, kuhifadhi, kupanga au kusambaza habari. Humo mna kinasa sauti cha simu, kamera, projekta, orodha ya vitabu iliyo kwenye kompyuta, na zile alama za miraba nyeusi na nyeupe ziitwazo msimbo wa QR, zilizobuniwa Japani mwaka 1994 kwa kazi ya kufuatilia vipuri vya magari na leo zimebandikwa hadi kwenye majalada ya vitabu. Roboti ni sehemu ndogo tu ya orodha hiyo, na kwa maoni yangu si hata sehemu yenye faida kubwa zaidi.

Mradi ni kazi ya vipindi kadhaa inayozaa kitu ambacho mtu mwingine, mbali na mwalimu, atakisoma, atakisikiliza au atakitazama. Zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi halibadiliki kuwa mradi kwa sababu limehamia kwenye kishikwambi.

Na kipindi cha maktaba ni ule muda, kwa kawaida dakika 30 au 40 kwa wiki, ambapo darasa zima huenda maktaba na kufundishwa na mkutubi au mwalimu wa maktaba. Hiki si kipindi cha TEHAMA. Kazi yake ni kumwezesha mtoto kupata habari, kuielewa, kuipima na kuitumia. Tamko la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO kuhusu maktaba za shule, la mwaka 1999, linasema wazi kwamba kazi hiyo inahusu habari za kila aina na za kila njia, kitabuni na nje ya kitabu. Kwa maana hiyo teknolojia haikuvamia maktaba. Imekuwemo katika majukumu yake tangu kabla ya watoto wa leo kuzaliwa.

Ondoa kimoja uone

Kuchanganya kusoma na teknolojia maana yake ni kupanga kazi moja ambayo moja ya hivyo viwili haiwezi kwenda bila nyingine. Kipimo chake ni rahisi. Ondoa kitabu, au maandishi yoyote yanayosomwa, katika mradi. Je, mradi bado unakwenda? Kama unakwenda vizuri tu, kusoma hakukuwemo tangu mwanzo. Kisha rudisha kitabu, uondoe mashine. Kama hakuna kilichopungua, mashine ilikuwa pambo, na muda uliotumika kuiwasha ulikuwa wa kusoma.

Sindano bila uzi hutoboa kitambaa ikatoka upande wa pili bila kuunganisha chochote, na uzi bila sindano haupenyi. Wengi wanaolaumu teknolojia shuleni wameona sindano inayotembea tupu, na lawama yao ina msingi.

Chukua mfano uliozoeleka mno: darasa la nne wanaambiwa watengeneze slaidi kuhusu wanyama. Mtoto anachagua tembo, ananakili sentensi tatu kutoka ukurasa wa kwanza alioufungua, kisha vipindi viwili vizima anabadilisha rangi ya maandishi na kuifanya picha iingie kwa kuzunguka. Siku ya kuonyesha, anasoma slaidi kwa sauti huku amewapa wenzake mgongo. Ondoa kitabu hapo: hakuna kilichobadilika, kwa sababu hakikufunguliwa. Muulize swali moja ambalo halimo kwenye sentensi zile tatu na utapata ukimya. Mimi ningepumzisha slaidi katika shule za msingi kwa muda, si kwa sababu programu ni mbaya, ila kwa kuwa zinamruhusu mtoto aonekane amefanya kazi bila kuifanya.

Mradi huohuo unaweza kuokolewa kwa badiliko dogo. Badala ya "tembo", mtoto anapewa swali ambalo jibu lake halikai kwenye ukurasa mmoja: kwa nini mnyama mkubwa namna ile ana masikio makubwa namna ile? Itabidi afungue faharasa ya kitabu, asome aya mbili tatu mahali tofauti, alinganishe, aandike kwa maneno yake. Picha aliyoichagua sasa ina kazi, kwa sababu inaonyesha mishipa ya damu sikioni inayosaidia kupoza mwili. Sasa hakuna anayeweza kumaliza mradi huo bila kusoma.

Nyuki asiyejua hadithi

Turudi kwa roboti, maana ndiyo inayowashtua wazazi zaidi. Bee-Bot ni roboti ndogo ya sakafuni yenye umbo la nyuki. Mgongoni ina vitufe: mbele, nyuma, geuka kushoto, geuka kulia, futa, anza. Kila ukibonyeza mbele mara moja inasogea sentimita 15. Haina skrini wala haihitaji intaneti.

Mkutubi anachora kwenye karatasi kubwa miraba ya sentimita 15 kwa 15. Kwenye baadhi ya miraba anaweka picha za matukio ya hadithi ambayo darasa la pili limekwisha kuisoma: mnyama mdogo anapotea, anafika mtoni, anadanganywa, anagundua uongo, anarudi kwao. Picha zimetawanywa ovyo, kwa makusudi. Kila kundi la watoto wanne linatakiwa kumpeleka nyuki kutoka tukio la kwanza hadi la mwisho kwa mpangilio wa hadithi.

Kinachofuata kwanza ni ubishi. Mmoja anashikilia kwamba mto ulikuja kabla ya uongo, mwenzake hataki. Hapo kitabu kinafunguliwa, kidole kinapita juu ya mistari, na mtoto ambaye jana alisoma kwa kukimbia sasa anatafuta "kisha" na "baada ya hapo" kama ushahidi wa kesi. Hakuna aliyemwambia arudie kusoma. Anarudia kwa sababu hataki kushindwa.

Wakikubaliana, wanaandika safari kwenye kikaratasi kabla ya kubonyeza chochote: mbele, mbele, kulia, mbele. Wanabonyeza, na nyuki anaelekea kusikotakiwa kabisa. Walisahau kitufe cha kufuta, hivyo anarudia kwanza safari iliyopita. Au kikaratasi kina "kulia" mahali pa "kushoto". Inabidi wasome walichoandika, mstari kwa mstari, wakilinganisha kilichoandikwa na kilichotokea. Mwalimu yeyote aliyewahi kumsihi mtoto aipitie insha yake kabla ya kuikabidhi anajua ilivyo vigumu. Nyuki anaidai kazi hiyo bila kusihi.

Lakini kuna mtego ambao maelezo ya watengenezaji hayauzungumzii. Nyuki hajui hadithi. Ukimpeleka kwenye tukio lisilo sahihi atakwenda kwa furaha ileile. Kundi linaweza kufika mwisho, likapigiwa makofi, huku hakuna hata mmoja anayejua mnyama alidanganywa nini. Ndiyo maana panahitajika sheria moja isiyolegezwa: nyuki akisimama, mtoto mmoja anaeleza kilichotokea hapo na kilisababisha nini mbele, na anaonyesha ukurasa. Bila sheria hiyo ni mchezo wa kuhesabu hatua, jambo zuri tu, ila ni la kipindi cha hisabati.

Kurasa nne na sauti yako mwenyewe

Wazo la mtoto kujifunza kwa kuiamuru mashine si la jana. Lugha ya Logo, iliyobuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, ilimwezesha mtoto kumwongoza "kobe", yaani roboti au alama ya kwenye skrini, achore maumbo. Papert aliamini kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapotengeneza kitu atakachowaonyesha wengine. Mwaka 2007 kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT lilitoa Scratch, programu ya kutengenezea hadithi na michezo kwa kupanga amri, inayolenga watoto wa miaka 8 na kuendelea, na mwaka 2014 ikaja ScratchJr kwa wenye miaka 5 hadi 7. Zote hazilipiwi.

ScratchJr inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu mbili zinazopingana. Amri zake ni picha, hazina maandishi, hivyo mtoto asiyejua kusoma bado anaweza kuitumia. Huo ni uzuri. Ubaya wake ni kwamba mtoto anaweza kukaa nayo kipindi kizima bila kukutana na neno hata moja. Kwa upande wa pili, mradi mmoja wa ScratchJr hauruhusu zaidi ya kurasa nne. Watoto hulalamika. Mwalimu anayejua kazi yake hufurahi, kwani hadithi ya kurasa 20 ikitakiwa kuingia kwenye nne, mtoto hana budi kuamua lipi ni muhimu na lipi linaweza kuachwa. Huo ni ufupisho, moja ya stadi ngumu kuliko zote za uelewa, na kwa njia ya kawaida hufundishwa kwa amri kavu ya "andika kwa ufupi" ambayo watoto wachache huielewa.

Kinachotakiwa ni kwamba kazi ianzie kwenye karatasi. Visanduku vinne, kila kimoja na mchoro na sentensi moja iliyoandikwa kwa mkono. Asiyekuwa na sentensi hapewi kishikwambi. Inasikika ukali, lakini mtoto aliyeanza na mashine kwanza atatumia muda wote kuwarusharusha wahusika hewani, na siwezi kumlaumu.

Ningelazimishwa kuchagua kifaa kimoja tu cha maktaba, ningechukua kinasa sauti. Hakina mvuto wa roboti, na pengine ndiyo sababu hakitangazwi. Mwaka 1979 mtafiti S. Jay Samuels alieleza njia ya kusoma kwa kurudia: mtoto anasoma kifungu kifupi kilekile mara kadhaa mpaka kinatiririka. Baadaye, mwaka 2000, jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani lilipopitia tafiti lilikuta kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudia, mtoto akiongozwa na kusahihishwa, kunajenga usomaji mzuri. Tatizo la njia hii ni uchovu. Nani anataka kusoma aya ileile mara tano?

Anayerekodi anataka. Mpe mtoto wa darasa la tatu shairi fupi, mwambie litasikilizwa na darasa la kwanza, umwachie simu ya kurekodia. Atasoma, atajisikiliza, atakunja uso. Alikwama kwenye neno refu. Alisoma swali kana kwamba si swali. Atafuta, ataanza upya, na hutahitaji kumhesabia. Mwalimu kazi yake ni kukaa karibu na kumsaidia pale neno linapomshinda kweli. Ukitumia kipimo chetu, kila kitu kinakaa mahali pake: bila maandishi hakuna cha kurekodi, na bila kinasa sauti hakuna sababu ya kurudia. Baada ya hapo sauti ile inaweza kuunganishwa na msimbo wa QR ndani ya jalada la kitabu, na mtoto mdogo anayekiazima akafuata maandishi huku akimsikiliza mkubwa wake wa shule.

Pweza wa mtini

Kuna upande wa tatu usiopendeza kwenye picha, nao ni kutafuta na kupima habari. Tangu mwaka 1998 kuna tovuti inayoeleza kwa utulivu kabisa maisha ya pweza anayeishi juu ya miti katika misitu ya kaskazini magharibi mwa Marekani, pamoja na hatari ya kutoweka kwake. Pweza huyo hayupo, tovuti ni mzaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, wakiongozwa na Donald Leu, waliwapa tovuti hiyo wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wasomaji hodari wa mtandaoni, na karibu wote waliiamini. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa ripoti ya utafiti mwingine mkubwa: zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa madarasa ya kati walidhani tangazo la biashara, lililoandikwa wazi kuwa limelipiwa, ni habari ya kawaida.

Matokeo haya hutajwa kuonyesha kwamba watoto ni wepesi kudanganywa. Mimi nayaona yanaonyesha kwamba hawajafundishwa. Hakuna anayezaliwa akijua kwamba ukurasa uliopangwa vizuri unaweza kuwa wa uongo.

Shule ya msingi inaanza na hatua ndogo, na nyingi hazihitaji mashine. Faharasa iliyo nyuma ya kitabu inamfundisha mtoto kwamba jambo moja linaweza kuitwa kwa maneno tofauti: "ndege" haimo, jaribu "wanyama wenye mabawa". Huo ndio ustadi wa kuchagua maneno ya kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia mtandaoni. Rafu za maktaba nazo, zikipangwa kwa mfumo wa namba wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, zinamwonyesha kwamba ngano ziko 398 na mamalia 599. Mtoto aliyejua kwa nini sungura wa hadithi na sungura wa kweli wanakaa rafu mbili tofauti amekwisha kuuliza swali muhimu kuliko yote kuhusu maandishi: hili limeandikwa kwa ajili gani?

Kisha mradi: kila kundi linapewa jambo moja na kutakiwa kulithibitisha mahali pawili pasipohusiana, kimoja kikiwa kitabu. Watoto wanaandika kadi fupi yenye jambo lenyewe, walikolipata, nani alisema, na kama wote wawili wanakubaliana. Kadi zinapigwa picha na kuwa kitabu kidogo cha darasa. Pweza wa mtini anaingizwa humo kimyakimya kama moja ya mambo ya kuthibitishwa, na siku kundi linapotangaza kwamba hawakumpata kwenye kitabu chochote cha wanyama, darasa linapata somo ambalo hotuba isingeweza kulitoa.

Wanayoyasema watu

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na teknolojia, hawahitaji kufundishwa." Dhana hii ilipata nguvu mwaka 2001 Marc Prensky alipowaita watoto wa kizazi hiki wenyeji wa dunia ya kidijitali. Paul Kirschner na Pedro De Bruyckere waliupitia ushahidi mwaka 2017 wakakuta kwamba kizazi cha namna hiyo, chenye ustadi kwa sababu tu kimezaliwa wakati huo, hakipo. Kutelezesha kidole kwenye kioo ni jambo moja, kujua kama unachokisoma ni kweli ni jambo jingine kabisa.

"Utafiti umethibitisha karatasi ni bora." Hapa kuna ukweli mwingi, lakini si wote. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Walikuta watu wanaelewa vizuri zaidi wanaposoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya maarifa na hasa muda unapobana. Kwa hadithi peke yake tofauti haikuonekana. Tafiti hizo zililinganisha kusoma kwa kusoma, hazikupima mtoto anayesoma kitabu kisha akarekodi au akatengeneza kitu. Kwa mwalimu wa maktaba maana yake ni nyepesi: soma kwenye karatasi, tengeneza kwenye mashine. Hata uamuzi wa Uswidi ulihusu kwanza kinachosomwa, yaani upatikanaji wa vitabu.

"Bila intaneti na vifaa vingi haiwezekani." Inawezekana. Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, kina mkusanyo maarufu wa mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyotumia kompyuta hata moja. Mtoto anaweza kuwa roboti mwenyewe, akatii amri zilizoandikwa na wenzake neno kwa neno, na hapo ndipo watagundua kwamba "nenda kule" si maelekezo. Kwa hadithi za kusoma na kuchapisha, tovuti za African Storybook iliyoanza 2014 na StoryWeaver iliyoanza 2015 zina maelfu ya hadithi zenye leseni huria, Kiswahili kikiwemo. Zinapakuliwa mara moja, zinachapishwa, na shule inaruhusiwa hata kuzitafsiri na kuzibadilisha. Kishikwambi kimoja kwa darasa zima kinatosha kama makundi yanapokezana: moja linarekodi, jingine linaandika visanduku, jingine linasoma kimya, la nne linahariri. Kwa kweli kifaa kimoja mara nyingi kina faida, kwa sababu anayesubiri zamu yake hana la kufanya isipokuwa kusoma.

"Akili bandia itaandika kila kitu, tuhangaike ya nini?" Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 ulipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa mwanafunzi kutumia zana hizi peke yake, kwa hiyo katika shule ya msingi zana ikae mkononi mwa mwalimu. Akipenda, anaweza kuiuliza swali mbele ya darasa, akaandika jibu ubaoni, na kuwatuma watoto rafuni kulikagua kwa kitabu. Jibu linapokuwa na kosa, na hutokea, hakuna kipindi kinachochangamka kama hicho.

Muda, na kazi inakwenda wapi

Miradi mingi hufa kwa sababu ya saa. Dakika 40 zikitolewa dakika za kuingia, kuketi, kurudisha vitabu vilivyoazimwa na kuchagua vingine, zinabaki kama 20. Mradi wa vipindi sita ukipangwa kana kwamba kila kimoja ni saa nzima, watoto watafika kwenye kifaa wiki ya mwisho wa muhula, na kila mtu atakumbuka fujo tu. Bora mradi mdogo wa vipindi vitatu: cha kwanza kusoma na kujadili, cha pili kuandika na kupanga, cha tatu kutengeneza. Kuazima vitabu kusifutwe hata siku moja ili kupisha mradi. Mtoto anayetoka maktaba na roboti kichwani lakini bila kitabu mkononi amepunjwa.

Mkutubi na mwalimu wa darasa wakizungumza kabla, mambo hurahisika. Kama darasa linasoma kuhusu maji wiki hiyo, maktaba nayo ifanye maji. Upimaji pia ugawanywe: alama ziende kwa visanduku, kadi na rasimu, na kidogo tu kwa kitu kilichokamilika, maana kitu kizuri kinaweza kuwa kimetengenezwa na kaka yake nyumbani.

Kazi iliyokamilika isiishie kwenye kumbukumbu ya kifaa, ambako itafutwa nafasi ikijaa. Ichapishwe, ibanwe kwa pini, ipewe namba ya rafu na kuingizwa kwenye orodha ya maktaba kama kitabu kingine, iazimwe. Waandishi wa miaka minane huwa wakali sana kuhusu makosa ya tahajia wakijua kuna atakayeazima. Picha walizotumia zitajwe zilikotoka, na ziwe zile zenye ruhusa, kwa mfano zenye leseni huria za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huwaruhusu wengine kuitumia. Kazi hiyo ya kutaja chanzo ianze tangu darasa la kwanza kwa sentensi moja tu, "picha hii imechorwa na fulani". Kama kazi itawekwa mtandaoni, wazazi waombwe idhini kabla, sura za watoto zisionekane, na kwenye jalada jina la kwanza linatosha.